Mwizi wa Kete Moja Moja

Pete ya ndoa ya mke wa Punguzo imepinda. Ilipindia dukani, kabla haijavaliwa na mtu, na ndiyo maana ilinunuliwa: muuzaji alikubali kukata robo ya bei, na bwana harusi akatoka dukani akipiga mluzi. Wiki ya pili ya ndoa alimsimulia mkewe habari hiyo kwa sauti ya jenerali aliyetoka vitani. Mkewe alimtazama kwa muda, akaitazama pete, kisha akampa jina ambalo anaitwa mpaka leo. Jina lilitoka nje lenyewe, kama paka, likazunguka mtaa mzima na kufika kazini kabla ya mwenyewe.

Lakini pete ilikuwa mafua tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa gemu. Gemu za diski za kuchomeka kwenye televisheni, gemu za kompyuta, na zile za mezani zinazokuja kwenye maboksi: ludo, domino, sataranji, na maboksi mazito yenye ramani za nchi ambazo hazipo na pesa ambazo hazinunui kitu. Usidhani alicheza hata moja. Kucheza kunataka watu, na watu wanataka soda. Alichopenda Punguzo ni zile dakika tano za kwanza baada ya kutoka dukani, akiwa amebana kwapani kitu ambacho mjinga fulani mahali fulani amekilipia mara mbili.

Sebuleni kwao kulikuwa na rafu ndefu isiyo na kitabu hata kimoja. Maboksi yamepangwa mpaka darini, mengine yakiwa bado na nailoni yake. Kulikuwa na padi nne za kuchezea, na hakukuwa na mashine ya kuzichomeka.

"Padi nne," mkewe alisema siku moja, akipangusa vumbi. "Mashine yenyewe iko wapi?"

"Mashine itashuka bei."

"Lini?"

"Ikitoka mpya."

"Ikitoka mpya, hizi padi hazitaingia."

Punguzo alikuwa na jibu, lakini lilikuwa bei ghali, akaliacha.

Sasa ngoja nikwambie kazi yake, na usicheke kabla sijamaliza. Punguzo alikuwa mkaguzi wa mizani. Ofisini kwake kulikuwa na cheti cha serikali kilichotundikwa upande, maana msumari hakuupima. Kila asubuhi alibeba sanduku dogo la mbao lenye mawe ya shaba, akazunguka sokoni, buchani na kwenye maduka ya nafaka. Mizani iliyo sawa aliibandika muhuri. Mizani yenye dhambi aliifungia.

Mwaka wa kisa hiki alimkamata mwenye bucha wa mtaani kwao akiwa amebandika sumaku ndogo chini ya sahani ya mizani. Nyama ya kila mteja ilipungua gramu hamsini. Bucha ilikuwa imejaa wanunuzi, na Punguzo hakuwa mtu wa kuacha hadhira iondoke bure.

"Gramu hamsini!" alisema, ameishika ile sumaku juu kama jino lililong'olewa. "Unajua unamwibia nani? Unamwibia mtu ambaye hana namna ya kujua."

"Mkuu, gramu hamsini ni kipande cha kumtupia paka."

"Huo ndio ubaya wake. Unataka kuiba, halafu unaogopa kuiba. Ungeiba ng'ombe mzima ningekuheshimu."

Watu wakacheka. Mwenye bucha, mtu mkubwa mwenye shingo kama gogo, akainamisha kichwa. Bucha ikafungwa siku tatu. Kumbuka maneno hayo, maana mwenye bucha aliyakumbuka.

Duka la gemu za mitumba lilikuwa kati ya kinyozi na muuza rangi za nyumba, chumba kimoja kirefu chenye harufu ya karatasi ya zamani na rangi mpya. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliyefanya duka liaminike, hata hivyo, ni baba yake. Wateja walimwita Mzee Kamili.

Mzee Kamili alikuwa muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji. Kazi yake kwa miaka thelathini na moja ilikuwa kuhesabu. Kabla mgonjwa hajapasuliwa anahesabu mikasi, koleo, sindano na vipande vya pamba. Kabla hajashonwa anahesabu tena. Hesabu zisipolingana, hakuna kushona, hata daktari apige kelele vipi. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyerudi nyumbani na mkasi tumboni. Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kujisifia, na alijisifia kila siku.

Dukani alifanya vilevile. Boksi likiingia, alivaa koti lake jeupe la zamani, akamwaga kila kitu kwenye sinia la bati na kuhesabu kwa sauti. Kisha akaandika kikaratasi: *Kete 16. Dadu 2. Ubao 1. Kamili.* Akatia sahihi, akakiweka ndani ya boksi. Mteja akitaka kununua, hesabu inarudiwa mbele yake. Diski nazo ziligeuzwa upande wa chini zikaangaliwa mikwaruzo, kitabu cha maelekezo kikafunuliwa kurasa zote. Kitu kimoja kikikosekana, boksi linauzwa nusu bei, na linahamia kwenye rafu ya chini ambayo mzee aliiita wodini.

"Huyu amepoteza askari mmoja," angesema juu ya sataranji. "Mpelekeni wodini."

Punguzo hakuanza kwa nia mbaya, na hii ndiyo habari ya kusikitisha zaidi, maana mtu mwenye nia mbaya angalau hujipanga. Siku hiyo alikuwa anachungulia boksi la gemu ya reli, zito, zuri, la bei ya kuudhi. Dadu nyekundu ikamponyoka, ikaviringika chini ya rafu. Alipiga magoti akaichukua. Alipokuwa angali magotini alimsikia mzee kule kaunta akimwambia mteja mwingine, "Hili pungufu, bwana. Nusu bei."

Mkono wa Punguzo ulikuwa njiani kuirudisha dadu. Ukabadili njia, ukaingia mfukoni.

Alirudi baada ya siku nne, akaliweka lile boksi kwenye kaunta. "Shikamoo mzee. Nihesabie hili."

"Marahaba, kijana wangu." Mzee akamwaga, akahesabu. Vichwa vya treni, sawa. Tiketi, sawa. "Dadu, moja..." Akasimama. Akatikisa boksi. Akachungulia ndani, akapitisha kidole kwenye pembe zake nne, kama alivyozoea kupitisha kwenye jeraha. Akakisoma kikaratasi, akaisoma sahihi yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtu asiyemfahamu. "Niliandika mbili."

Hapo Punguzo angeweza kunyamaza tu. Lakini alisema, tena kwa upole, kwa ile sauti ya kumfariji mfiwa, "Labda ilihesabiwa vibaya, mzee wangu. Hutokea."

"Labda," akasema mzee.

Nusu bei. Zile dakika tano za kwanza baada ya kutoka zilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kupata. Nyumbani alizikutanisha dadu mbili ndani ya boksi, akalipandisha rafuni, na hakulifungua tena.

Ndani ya mwaka mmoja alifanya hivyo mara kumi na moja. Malkia wa sataranji. Domino ya sita-sita. Ramani ya gemu ya wapiganaji, iliyokunjwa ndani ya kitabu chake. Diski ya pili ya gemu yenye diski mbili. Maboksi saba aliyapata. Manne yaliwahiwa na wanunuzi wengine, ambao nao walihesabiwa, nao wakapewa nusu bei, na mzee akatikisa boksi mbele ya kila mmoja wao. Vipande vya maboksi hayo manne vilibaki kwa Punguzo bila kwao. Alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalificha kwenye droo ya ofisi, nyuma ya mawe ya shaba. Na kila mara, kule kaunta, aliirudia ile "labda" yake. Ilikuwa imemzoea mdomoni.

Siku moja mkewe alikuta dadu kwenye mfuko wa suruali aliyokuwa anataka kuifua. Akaja nayo sebuleni, ameishika kwa ncha za vidole.

"Hii nini?"

Punguzo akajifanya anapanga maboksi.

"Unacheza kamari," akasema mkewe, na machozi yakaanza kumlengalenga.

Jamani, fikiria nafasi ya mtu huyu. Upande mmoja kuna kamari, ambayo ni aibu, lakini ni aibu ya kiume kidogo, inayosimulika. Upande wa pili kuna ukweli.

"Ndiyo," akasema Punguzo. "Nacheza kamari."

Alihubiriwa na shemeji yake Jumapili nzima. Aliapa kuacha. Aliapa kwa dhati, maana hakuwahi kuanza.

Mwisho ulianza asubuhi ya Alhamisi, pale mwenye duka alipomvuta pembeni. Mzee hakuwepo kaunta.

"Kaka, wewe ni mtu wa mizani. Nataka unisaidie." Akatoa chini ya kaunta mizani ndogo ya kidijitali, mpya, ingali na karatasi yake. "Boksi likiingia tutalipima. Likitoka tutalipima. Hakuna tena kuhesabu. Njoo Jumamosi uikague, uibandike muhuri wako, ili baba akiuona asibishe."

"Kwani mzee amefanyaje?"

Akavua miwani, ikaning'inia kwenye kamba. "Anakosea, kaka. Mara kumi na moja mwaka huu. Mimi hilo ningelimeza, ni kete tu. Lakini yeye hakulimeza. Ameanza kuwapigia simu wagonjwa wake wa zamani."

"Kuwaambia nini?"

"Anawauliza kama tumbo linawauma." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Anasema kama anakosea dadu mbili kwenye sinia, atajuaje hakukosea mikasi? Ana orodha. Juzi kampigia mama aliyejifungua kwa kupasuliwa miaka ishirini iliyopita. Mama wa watu kaogopa, kakimbilia hospitali kupigwa picha. Usiku mzee halali, anahesabu. Nataka apumzike tu nyumbani."

Hapo ndipo ukweli ungetoka. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mteja, mwanamke analia. Punguzo alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Nitakuja Jumamosi, dada."

Siku mbili hizo alikagua mizani kama mtu anayekaguliwa nayo. Hakula vizuri. Kila alipolitazama jiwe la shaba aliiona sura yake ndani yake, imevimba mashavu. Alikumbuka kidole cha mzee kikipita kwenye pembe za boksi. Alikumbuka zaidi ile sauti yake mwenyewe ya kumfariji mfiwa, akawa anaisikia ikisemwa na mtu mwingine, mtu wa hovyo, mwenye mdomo laini. Masikio yalimwaka akiwa peke yake ofisini.

Mipango ilimjia, na yote ilikuwa ya woga. Wa kwanza: aikatae mizani, aseme ni mbovu, mzee abaki na kazi yake. Wa pili: alibebe lile kopo ndani ya sanduku la mawe, avidondoshe vile vipande chini ya rafu kimoja kimoja, halafu ajifanye kuviokota. "Kumbe vilianguka tu!" Aliufanyia mazoezi mshangao huo mbele ya kioo. Haukufaa. Alifanana na mbuzi.

Jumamosi saa nne alifika. Mwenye duka alikuwepo. Mzee Kamili alikuwepo, ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi, amesimama wima kama anayesubiri kusomewa hukumu. Na penye rafu za ludo, akiwatafutia wanawe zawadi, alikuwepo mwenye bucha. Shingo ile hukosei. Kumwona tu, Punguzo aliuacha mpango wa pili.

Akafungua sanduku nusu ili kopo lisionekane, akatoa mawe. Gramu kumi: mizani ikasoma kumi. Hamsini: hamsini. Mia: mia. Hakuwa amewahi kuona mizani yenye adabu namna ile.

"Mbovu," akasema.

"Mbovu?" Mwenye duka akainama. "Imesoma mia, kaka, nimeona."

"Ina... inayumba. Kwa ndani. Siwezi kuipitisha. Bora mzee aendelee kuhesabu."

Mwenye duka akataka kusema, lakini baba yake akamshika bega. "Ipitishe tu, kijana wangu. Naona unanihurumia. Usinihurumie." Akaanza kufungua vifungo vya koti. Alifungua viwili, akasimama. "Ila nina swali. Wewe ulikuwepo mara nyingi kuliko mteja yeyote nilipokosea. Ulikuwa unanitazama. Niambie kweli, nilikuwa narudia namba, au nilikuwa naruka? Maana kama naruka, pamba ndizo za kuogopa. Kama narudia, ni mikasi. Nijue nianze kumpigia nani."

Mashine ya kinyozi ilisikika ng'ambo ya ukuta.

Punguzo alilifungua sanduku lote, akatoa lile kopo la maziwa, akaling'oa kifuniko na kulimimina kwenye sinia la bati. Kelele yake ilikuwa kubwa kuliko vitu vyenyewe. Dadu. Malkia. Domino. Ramani iliyokunjwa mara nane.

"Hukuruka, mzee," akasema, akiliambia sinia. "Wala hukurudia. Nilikuwa nachukua kimoja, halafu narudi kununua. Ile nusu bei."

Mwenye duka akavaa miwani yake polepole, kana kwamba hajasikia na anataka kuona.

Mzee akaichukua dadu, akaigeuza. "Ya kijani. Boksi la gemu ya mashamba, lililoletwa na yule mama wa mapacha." Akachukua malkia. "Sataranji ya mbao. Niliandika thelathini na mbili. Zilikuwa thelathini na mbili!" Akashika domino. "Sita-sita. Ishirini na nane. Nilihesabu mara mbili, nikamwambia binti yangu zipo ishirini na nane, akaniambia baba kapumzike." Akainua uso. Punguzo alijiandaa kupigwa kofi, na kwa kweli alilitamani.

"Kumbe mwizi!" akapaza sauti mzee, na uso wake wote ukachanua. "Mwanangu, umesikia? Siyo kichwa! Ni mwizi tu!" Akaizunguka kaunta mbio, umri wake ukibaki nyuma, akamkumbatia Punguzo, akamtikisa, akacheka mpaka akalia. "Mwizi! Mwizi wa kawaida kabisa! Asante, kijana wangu. Asante sana."

Hakuna kofi duniani linalouma kama asante ile. Punguzo alisimama mikono ikining'inia, amekumbatiwa, shati likilowa machozi ya furaha ya mtu aliyemtesa mwaka mzima. Alitamani sakafu ipasuke. Sakafu ilikuwa ya zege.

Mwenye bucha alisogea na ludo yake mkononi. Aliichukua ile dadu ya kijani, akaiweka katikati ya mizani, taratibu, kama anayempimia mteja wa heshima.

"Gramu nne," akasoma. "Mkuu, mimi kwa hamsini ulinifungia siku tatu. Hii nne tuifanyeje?"

Punguzo akaanza kuyarudisha mawe sandukuni.

"Na ungeiba ng'ombe mzima," akaongeza, akielekea kaunta kulipa, "mimi ningekuheshimu."

Mwenye duka hakucheka na hakukumbatia. "Lete maboksi yangu," akasema. Lile neno "kaka" lilikuwa limeondoka kwenye mdomo wake. "Yote. Leo. Na hiyo mizani unaibandika muhuri sasa hivi, maana si mbovu. Hapa mbovu tunamjua."

Kwa hiyo ilibidi mkewe aambiwe, kwa sababu maboksi saba hayatoki rafuni kimyakimya. Alimsikiliza mpaka mwisho, ameegemea mlango, akiizungusha ile pete iliyopinda.

"Kwa hiyo kamari hukucheza."

"Sikucheza."

"Bora ungecheza," akasema. "Mcheza kamari angalau huwa anapoteza." Akabeba maboksi matatu, akamwachia manne, wakaenda barabarani mchana kweupe, yeye mbele, mume nyuma, wakiwapita majirani ambao wote walitaka kujua duka linahamia wapi.

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Walipofika, alikuwa amevaa koti, vifungo vyote, na mbele yake kulikuwa na simu na ile orodha. Majina tisa. Akavuta kiti, akakipigapiga.

"Keti hapa, mwizi wangu. Hawa niliwatia hofu. Mimi nikiwaambia nimepona, watasema ndiyo kwanza nimezidi. Utawaambia wewe."

"Mzee, niwaambie nini?"

"Ulivyoiba. Uanzie ile ya reli."

Punguzo akaketi. Alitazama kwa mwenye duka, akakuta mgongo. Alitazama kwa mkewe, naye alikuwa amejipatia kiti, amekaa kama aliyekata tiketi. Mzee akabonyeza namba ya kwanza, ya yule mama aliyepigwa picha, akasalimia kwa uchangamfu, kisha akampa simu.

Akasema. Alisema yote, sauti ikimpungua kila sentensi, mpaka ikabidi mama wa upande wa pili aseme, "Ongeza sauti, baba, sikusikii," naye akalirudia neno "niliiba" kwa nguvu, na mashine ya kinyozi ikazimwa ng'ambo ya ukuta ili wa kule nao wasikie.

"Kwa hiyo tumboni mwangu hamna kitu?" akauliza mama.

"Hamna, mama. Mzee hakukosea hata siku moja."

Mama akashusha pumzi ndefu. Punguzo akadhani yamekwisha, akawa anairudisha simu.

"Ngoja kwanza. Na wewe uliiba nini hasa?"

"Dadu, mama. Na kete."

"Za kuchezea?"

"Za kuchezea. Lakini sichezi."

Mama akaguna.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Arobaini na sita," akasema Punguzo.

Mzee Kamili akachukua simu, akaliwekea jina la kwanza alama ya vema, akahesabu yaliyobaki kwa kalamu, kwa sauti, mara mbili. Yalikuwa manane. Akaanza kubonyeza namba ya pili.